Kaseti Sitini na Moja za Katsabola

Novemba 22
Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana. Mimi niliitabiri tangu Jumanne, waulize watu wote wa hapa. Naandika kwa sababu Elufe, mtoto wa marehemu dada yangu Enelesi, amenipa daftari hili akasema, "Mjomba Fakisoni, maneno yako ni mengi, mengine yaweke humu yapumzike." Shule nilifika darasa la tano. Ningefika mbali zaidi, ila mwalimu alianza kuona aibu kufundishwa na mimi.

Leo wamekuja wageni kutoka kwa Chimtengo, kijiji cha ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Wamekuja kwa ajili ya Elufe. Kijana anaitwa Limbani, ni seremala, mikono mikubwa, maneno machache. Msemaji wake ni mjomba wake, Bwana Chauluka, mtu mrefu mkavu kama mpini wa jembe.

"Tumepita hapa," akasema, "tumeona kuku. Tunamuuliza mwenye kuku."

"Kuku yupo," nikasema, "lakini si wa kuokotwa njiani. Mwenyewe ni mimi."

Ndivyo inavyosemwa. Kwetu mjomba ndiye ankhoswe, yaani mdomo wa mtoto wa dada yake. Ndoa ikifungwa yeye ndiye ameifunga, ikichanika yeye ndiye anaitwa na sindano. Na hawa wameomba jambo zito. Mwanamume kwa desturi huhamia kwa mke, lakini wao wanataka Elufe aende kwao, kwa kuwa karakana ya Limbani iko huko. Nikawaambia tutalisema baada ya mavuno, Aprili.

Tulikuwa tunakunywa togwa, redio ikaanza kupiga wimbo. Chauluka akainua kidole, wote wakanyamaza.

"Katsabola," akasema, kama mtu yuko kanisani. "Unamjua, mjomba mwenzangu?"

Sasa mimi nikiulizwa kama namjua mtu siwezi kusema hapana. Ni adabu tu. Nikasema, "Lameki Katsabola wa banjo la bati? Nani mwingine anamjua kama si mimi! Tulikuwa Lizulu, mwaka wa njaa. Uzi wa banjo ukakatika, watu elfu mbili wananguruma. Katsabola akazungusha macho, akaniona katikati ya umati, akaninyoshea kidole: wewe, mwenye shati jekundu, panda! Nikapanda. Uzi nikaufunga kwa meno. Jino hili hapa, tazama."

Chauluka hakutazama jino. Alinitazama mimi, muda mrefu.

"Mwenye shati jekundu," akasema.

"Jekundu kabisa."

"Basi nitakuletea kitu."

Novemba 25
Limbani ameleta sanduku juu ya baiskeli, limefungwa kwa mpira. Ndani kuna kaseti sitini na moja na mashine ya kuzipigia. Nyimbo zote za Katsabola, tangu ya kwanza mpaka alipofariki miaka mitano iliyopita. Chauluka alizinasa mwenyewe kutoka redioni, mashine imekaa mbele ya mashine, miaka ishirini na mitatu.

"Mjomba anasema uzisikilize zote," akasema Limbani. "Siku ya kukutana mtazungumza, watu wawili mliomjua."

Alipoondoka Elufe akaja akasimama mlangoni.

"Mjomba, umewahi kumsikia Katsabola?"

"Nimemsikia."

"Lini?"

"Siku ya wageni. Redioni."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Namtaka Limbani. Lakini kule ng'ambo sitakuwa na mama wala dada. Nitakuwa na neno lako tu. Kama hili la shati jekundu litaonekana uongo, siku utakaposema naonewa, nani atakusikia?"

Nikamwambia kaseti sitini na moja ni nini kwangu, mimi niliyewahi kulima ekari nne kwa siku moja na jembe lililovunjika.

Novemba 26
Kaseti ya kwanza. Sauti ni ya mbuzi aliyepewa habari mbaya. Banjo kama mbu ndani ya mkebe.

Novemba 27
Ya pili. Mbuzi yuleyule.

Novemba 29
Ya tatu ina wimbo wa "Kuku Wangu Mweupe"! Kumbe ni wa huyu! Hakuna arusi isiyouimba. Kuku wangu mweupe, njoo nyumbani, njia naifagia. Nimecheza peke yangu ndani mpaka kiti kikaanguka.

Desemba 4
Kupanda.

Desemba 5
Kupanda. Mgongo.

Desemba 9
Nimefika ya tisa. Katika kaseti hizi kuna vitu ambavyo Katsabola hakuvitia. Kuna jogoo wa Chauluka. Kuna kifuniko cha sufuria. Na leo kuna mwanamke, bila shaka mkewe, wimbo uko katikati, akamwita aje ale ugali, "Baba, nsima inapoa!" Chauluka akajibu kwa sauti ya chini, "Iache ipoe, Katsabola hapoi." Mwanamke akacheka. Kicheko cha kutoka tumboni, si cha kuogopa. Nimerudisha nyuma mara nne kukisikia.

Nimeanza pia kuandika pembeni miji anayoitaja kwenye nyimbo, ili nikiulizwa alikuwa wapi mwaka gani nisije nikajikwaa. Mwongo mzembe ndiye hushikwa.

Desemba 14
Betri zimekufa. Nimezianika juu ya bati zipate uhai, lakini jua hakuna. Jirani yangu Bileti amepita akasema, "Fakisoni, umeanza kuatamia mayai ya chuma?" Nikamwambia yatakapoanguliwa nitampa kifaranga kimoja, akitie mfukoni kiwike saa za kazi, maana yeye huchelewa.

Desemba 15
Mvua. Hakuna jua.

Desemba 16
Mvua. Na mimi, ajabu, nimeukosa ule mbu wa mkebeni. Nimejikuta napalilia kwa mwendo wake.

Desemba 20
Jana jua lilitoka. Leo kaseti ya kumi na saba. Heri lisingetoka.

Katikati ya nyimbo mtangazaji anamuuliza Katsabola anatungaje nyimbo zake. Naye anajibu hivi, nimeandika neno kwa neno: "Mimi jua sijaliona tangu surua iliponichukua macho, nilikuwa na miaka minne. Lakini likitua najua, ngozi inaniambia."

Kipofu. Katsabola alikuwa kipofu!

Mimi nilisema alizungusha macho. Nilisema aliniona. Nilisema shati lilikuwa jekundu! Na yule mkavu akanitazama tu, akarudia, "Mwenye shati jekundu." Alijua. Alijua togwa haijafika hata nusu ya kikombe.

Sasa kwa nini ameniletea sanduku? Ananicheka? Ananichimbia shimo mbele ya wazee wake? Mkewe anacheka kule kwenye kaseti na labda ananicheka mimi.

Desemba 21
Nimepata dawa. Nitasema macho yalirudi siku moja tu, Lizulu, kwa muujiza, na cha kwanza alichokiona ni shati langu. Nimeipima hadithi kwa Bileti. Akasema, "Nzuri sana. Halafu ukawa nani, nabii?"

Desemba 25
Krismasi. Mchele. Kaseti mbili.

Januari 7
Ghala limeanza kuonesha sakafu.

Januari 16
Ya ishirini na nane. Huyu mtu hakuwa mbuzi. Ni kwamba sauti yake haikuombi uipende. Inakaa kizingitini kama mgeni mwenye adabu, na siku ukimkaribisha unaona ulikuwa ukimngoja. Ana wimbo mzima juu ya mwanamke anayechagua mawe kwenye maharage. Hakuna jingine, mawe na maharage. Bileti alikuja kuazima koleo, akasimama mpaka wimbo ukaisha, akaondoka bila koleo.

Januari 18
Bileti amerudi. Nikadhani ni koleo. Akasema, "Yale maharage."

Januari 30
Uji mara moja kwa siku. Ya thelathini na sita.

Februari 11
Mvua siku ya tano. Leo nina mengi ya kuandika na mkono hautaki.

Nilikaa na ile orodha yangu ya miji, niliyoiandika kwa ajili ya uongo. Kaseti ya tatu, Lizulu. Ya nane, Balaka. Ya kumi na tano, Mangochi. Ya thelathini, Milanje. Ya thelathini na nane, Tete, nje ya nchi kabisa. Wote tunajua Katsabola alizunguka sana. Tunasema ni kwa sababu ya jina lake kuwa kubwa. Lakini nikaona kitu. Kila mji una kuku. Mangochi anawauliza wavua samaki kama kuku mweupe amevuka kwa mtumbwi wao. Milanje anawauliza wachuma chai kama amelala mitini mwao. Tete anauliza mpakani kama kuku huandikiwa kibali. Watu hucheka kwenye nyimbo hizo, hata redioni wanasikika wakicheka. Mtu akisikia wimbo mmoja mwaka huu na mwingine mwaka wa tatu hawezi kuona. Mimi nimezisikia zote kwa mvua moja, msimu huu mmoja.

Halafu nikatia ya arobaini na nne. Mvua ya huko kwa Chauluka inapiga bati, inabidi utie sikio kwenye mashine. Katsabola anasema kabla ya kupiga:

"Mnaocheza wimbo wa kuku, chezeni. Lakini mjue. Kuku ni dada yangu Nasiwelo. Mdomo wake nilikuwa mimi. Alinitumia neno: kaka, njoo, mume ananipiga. Nikajibu: nikimaliza kupiga banjo Lizulu nitakuja. Nilipiga siku tatu. Nilipofika nikapapasa mlango, nikapapasa jiko, majivu yamepoa. Tangu hapo naimba kila mji. Redio inafika nisikofika. Nasiwelo, huyu ni kaka yako."

Kisha anapiga wimbo uleule wa arusi, taratibu, na ukiupiga taratibu si wimbo wa arusi.

Nilizima mashine.

Sisi kwa lugha ya posa tukisikia kuku tunajua ni bibi arusi, basi tukaishia hapo kusikiliza. Taifa zima limecheza juu ya kilio cha mtu.

Na sasa naandika lile ambalo sijamwambia mtu. Dada yangu Enelesi naye alituma neno. Mwaka ule tumbaku ilikuwa imekubali kuliko miaka yote. Alisema, kaka, njoo, siwezi tena hapa. Nikamjibu: baada ya mavuno. Akaja mwenyewe, kwa miguu, katika mvua, Elufe mgongoni. Aliweka mtoto chini akaniuliza kama kuna moto. Hakuniuliza jingine mpaka alipofariki.

Watu wote wa hapa wanajua hadithi nyingine: kwamba nilimfuata na shoka, mume akajificha kwenye ghala la mahindi, nikamtoa kwa sikio. Nimeisimulia mpaka nikawa naliona ghala lenyewe, na panya wakikimbia. Elufe amekulia hadithi hiyo. Ndiyo maana anasema atakuwa na neno langu.

Februari 12
Sikusikiliza.

Februari 13
Sikusikiliza.

Machi 3
Mahindi mabichi yameanza. Nimemwambia Elufe.

Tulikuwa shambani tunavunja. Nikasema, "Lile shoka halikuwepo."

"Shoka gani?"

"La mama yako. Na ghala halikuwepo. Sikwenda."

Akaendelea kuvunja mahindi mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akarudi na mstari mwingine. Kapu lilipojaa akalibeba akaenda. Mimi, niliyewahi kumzuia fisi kwa maneno matupu, nilifuata nyuma.

Machi 4
Elufe amepika majani ya maboga bila chumvi. Nimeyala yote.

Machi 5
Bila chumvi.

Machi 6
Chumvi imerudi. Aliweka sahani akasema, bila kunitazama, "Ulipotunga ile hadithi, ulimpa baba makofi mangapi?"

"Saba."

"Ulikuwa ukiniambia tisa."

"Mawili niliongeza ulipofaulu mtihani."

Akakaa. Akavuta kaseti moja sandukuni akasoma jina lake. "Nataka kumsikia huyu mtu," akasema. Tukasikiliza ya arobaini na tano pamoja, na mvua ilikuwa nyepesi.

Machi 29
Ya hamsini na tisa. Elufe sasa anamjua mke wa Chauluka kwa kikohozi. Leo mama huyo amesikika akimwambia mumewe, "Kama unampenda Katsabola hivyo, mwambie akupikie." Chauluka akajibu, "Nimemwambia, hana chumvi." Elufe ameanguka kwa kucheka. Akasema, "Nyumba ile naiweza." Nami nadhani anaiweza.

Aprili 9
Ya sitini na moja. Amezeeka, uzi mmoja haulii vizuri, anamtafuta bado. Nimekaa na mashine imezimika. Nilianza kumsikiliza kwa ajili ya uongo, na leo naona kama nimefiwa na mtu.

Aprili 26
Chinkhoswe yetu, sherehe ya wajomba kufunga ndoa, imefanyika. Walikuja watu tisa. Wanawake wao walipokuwa bado nyuma ya ua nikasikia mmoja akisema, "Ah, viatu hivi!" nikamwambia Elufe, "Ndiye yeye, mama wa kwenye kaseti." Sura sikuwa nimewahi kuiona. Anaitwa Nangozo, mfupi, mnene. Nilimsalimia, "Shikamoo mama wa nsima inayopoa." Akaduwaa, kisha akaelewa, akapiga makofi.

Tulipokaa, Chauluka akakohoa mbele ya wote.

"Mjomba mwenzangu, sanduku umelisikiliza?"

"Lote. Mengine mara mbili."

"Basi waambie wazee. Siku ile Lizulu. Mwenye shati jekundu."

Ule muujiza wa macho ulikuwa umekaa tayari kwenye ulimi, na niseme kweli, ulikuwa mzuri. Wazee wao walikuwa wamenyosha shingo. Nilimtazama Elufe, ameketi kwenye mkeka, kichwa chini kama inavyotakiwa, na vidole vyake vinaufumua ukingo wa mkeka.

Nikasimama. Nikasema, "Sikuwahi kumwona Katsabola. Na nimejifunza sandukuni kwamba hata kama ningekuwepo, yeye asingeniona. Hapo tu tumelingana. Shati jekundu sina. Nilisema uongo nyumbani kwangu, mbele ya wageni, na kuku wangu yuko ndani anasikia."

Walicheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa mgongo. Sijawahi kuchekwa bila kuchekesha. Ni kama kuvuliwa nguo sokoni, halafu unagundua kuna upepo mzuri.

Chauluka hakucheka. "Nilijua siku ileile," akasema. "Nilipanda baiskeli nikasema, mdomo wa uongo kama huu siukabidhi kijana wetu. Limbani akaniomba nisivunje posa. Nikasema basi nimpe kaseti. Mwongo atazirudisha baada ya tatu. Mwenye kujua kusikia, tutaona."

"Na sasa umeona nini?"

"Bado. Wanawake waimbe kwanza 'Kuku Wangu Mweupe', kisha tuendelee."

"Hapana," nikasema. "Huo usiimbwe hapa."

Nikawaambia. Nikachukua daftari hili nikawasomea miji, mmoja mmoja, Lizulu mpaka Tete, na kuku wa kila mji. Nikawasomea maneno ya kaseti ya arobaini na nne. Chauluka alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Arobaini na nne niliinasa mimi mwenyewe," akasema polepole. "Mvua ilikuwa inapiga bati."

"Na mimi nilikuwa jikoni!" Nangozo akadakia. "Nilikuambia! Miaka kumi na mitatu nakuambia, baba, wimbo ule si wa kucheza, kuna mtu analia mle. Ukasema nikoroge sufuria. Huyu, jamani, husikia banjo tu. Maneno huniachia mimi."

Chauluka akatazama chini. Halafu akasema, "Miaka ishirini na mitatu, na amekuja mtu wa mvua moja." Akasogeza kigoda chake karibu na changu. "Semea kuku wako."

Nikasema haya, na nayaandika ili yasikue yakisimuliwa. "Mmeomba akae kwenu. Nimekubali. Siku akilia sitauliza kwanza kosa ni la nani. Sitasema baada ya mavuno. Nitakuja, na mlango mnifungulie."

"Utafunguliwa," akasema Chauluka.

"Na mimi ndiye nitakayefungua," akasema Nangozo, "maana yeye atakuwa anasikiliza banjo."

Tukabadilishana kuku, wao jogoo, sisi mtetea, mkono kwa mkono, na jambo likawa limefungwa. Wanawake waliimba ule wa mawe na maharage.

Mei 4
Elufe ameondoka. Nyumba ina nafasi nyingi.

Mei 11
Kuvuna.

Mei 12
Kuvuna. Mahindi mazuri. Sitasema makapu mangapi, mtasema naongeza.

Mei 20
Nusu ya shamba bado imesimama, na mawingu yasiyo ya msimu yamekaa upande wa mlima. Asubuhi hii kijumbe kutoka kwa Chimtengo ameleta neno la Elufe: mjomba, njoo. Nikamuuliza yule mtu Elufe ana nini, akasema hakuambiwa. Huenda ni chumvi. Huenda si chumvi.

Bileti amesema, "Maliza kwanza kuvuna, mvua hii itakuozeshea."

Naenda.